Kabla ya kununua mashine mpya, mkumbukeni mwalimu

JUMAPILI ya Machi 15, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipolitangazia taifa kwamba shule zingefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, nilikuwa nyumbani nikisahihisha insha za Kidato cha Tatu. Kesho yake wanafunzi wachache wa shule yetu ya kutwa walikuja kuchukua vitabu vyao. Sikuwa na la kuwaambia. Niliandika nambari yangu ya simu ubaoni, nikawaomba wainakili na kuwapelekea wenzao, kisha nikafunga mlango wa darasa. Nilidhani kwamba kwa kufanya hivyo nilikuwa nimefungua mlango mwingine. Hazikupita wiki mbili kabla sijatambua jinsi mlango huo ulivyokuwa mwembamba.

Miaka imepita. Shule zilifunguliwa, barakoa zikatupwa, na wengi wetu hatupendi kukumbushwa msimu ule. Hata hivyo, swali ulilotuachia bado halijajibiwa, na kila uchao linazidi kuwa zito: mwalimu wa Kenya autumieje mtandao ili umfae mwanafunzi wake, hasa yule wa shule ya kutwa huko mashambani? Nauliza kwa sababu vyombo vinaongezeka. Kuna vikundi vya WhatsApp, kuna masomo ya video, kuna maswali ya mtandaoni yanayojisahihisha yenyewe, na tangu ChatGPT ilipozinduliwa Novemba 2022, kuna mashine inayoandika insha nzima kabla mwanafunzi hajaipata kalamu yake. Kila chombo kinapofika tunaambiwa kwamba hiki ndicho kitakachoiokoa elimu.

Mimi nina rai tofauti. Kwa niliyoyaona, chombo kikubwa kinacholetwa shuleni bila kumshirikisha mwalimu mara nyingi huishia kabatini, ilhali chombo kidogo cha bei nafuu, kikiwa mikononi mwa mwalimu anayejua wanafunzi wake wanaishi vipi, hufanya kazi. Kwa hiyo fedha zetu na mafunzo yetu yangepaswa kuanzia kwa mwalimu. Sisi tumezoea kuanzia kwenye mashine, na gharama ya kosa hilo wanailipa watoto.

Nianze kwa kujisuta mwenyewe, maana nyani haoni kundule. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 46. Katika wiki ya kwanza, 11 tu walijiunga na kikundi nilichokiunda cha WhatsApp. Kwa pupa ya mtu anayetaka aonekane anafanya kazi, nilizipiga picha kurasa 14 za maelezo ya sarufi, nikazituma zote kwa mpigo saa tatu asubuhi, nikaongeza na viungo vya video tatu. Nikangoja maswali. Kimya. Jioni alijibu mmoja, tena kwa neno moja: "Asante." Siku ya pili nilituma kurasa nyingine. Siku ya tatu wanafunzi wawili wakajiondoa kikundini. Nilihamaki, nikasema vijana wa siku hizi wamelemazwa na uvivu.

Hamaki hiyo ilizimwa na mama mmoja niliyekutana naye dukani. Binti yake alikuwa miongoni mwa waliojiunga, lakini hakuwa ameandika lolote. "Mwalimu," akaniambia, "simu ni ya baba yao. Yeye huondoka nayo alfajiri akienda kazi ya bodaboda, na akirudi ni saa tatu usiku. Hizo picha zako zikifunguka, bando lote linaisha, na akiuliza ni nani amelimaliza, mtoto ndiye hulaumiwa." Kisha akaongeza, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, "Lakini tunashukuru kwamba unawakumbuka."

Nilirudi nyumbani nikayaweka kando yote niliyokuwa nimeyapanga. Tangu siku hiyo nilibadilisha mambo matatu. Kwanza, sikutuma tena masomo mchana. Niliyatuma saa tatu na nusu usiku, wakati simu zimerudi nyumbani pamoja na wenyewe. Pili, niliacha picha na video, nikatumia sauti yangu. Sauti ya dakika tatu hula data kidogo mno ikilinganishwa na video ya muda uo huo, na mwanafunzi akishaipokea anaweza kuirudia mara atakazo bila kulipa tena. Tatu, nilimwomba kila mwenye simu awatafute majirani wawili au watatu wasiokuwa nayo. Aliyelisikiliza somo aliliandika kwa muhtasari katika daftari, daftari likapita kutoka nyumba hadi nyumba, likarudi na majibu ya wenzake, naye akanitumia picha ya ukurasa mmoja tu. Wale wawili waliojiondoa walirudi wenyewe. Kwa njia hiyo, kufikia mwezi wa Juni, niliwafikia wanafunzi 38.

Msomaji atanisamehe nikieleza jambo moja zaidi kuhusu msimu huo, kwa sababu ndilo lililonifunza kwamba mtandao si kibadala tu cha darasa. Mwaka huo tulikuwa tukisoma Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Darasani tulikuwa tumezoea kuisoma kama tunavyosoma riwaya: kimoyomoyo, kisha maswali ya maudhui na sifa za wahusika. Sasa niliwagawia sehemu. Mmoja akawa Majoka, mwingine Tunu, mwingine Sudi. Kila mmoja alijirekodi akisema maneno ya mhusika wake, akanitumia, nami nikazipanga sauti hizo kwa mfuatano na kuzirudisha kikundini. Majoka wetu aliitawala Sagamoyo huku mbuzi wakilia nyuma yake. Binti wa yule mama wa dukani, ambaye darasani hakuwahi kuinua mkono, alikuwa Tunu, na usiku ule niliisikia sauti yake vizuri kwa mara ya kwanza. Sikuwahi kuifundisha tamthilia vyema hivyo nikiwa na chaki mkononi.

Hata hivyo, wanafunzi wanane sikuwafikia kabisa. Nitawarudia hao kabla sijahitimisha.

Mfano wangu ni mdogo. Upo mwingine unaojulikana ulimwenguni kote, nao umetoka hapa kwetu. Mnamo Machi 2019, Peter Tabichi, mwalimu wa Hisabati na Fizikia katika Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Keriko, iliyoko kijiji cha Pwani huko Njoro, Kaunti ya Nakuru, alitunukiwa mjini Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani pamoja na dola milioni 1 za Marekani. Tulishangilia, tukamwita shujaa. Lakini ni wangapi waliosoma kwa makini jinsi alivyofundisha? Shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu ya mezani, na mtandao wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Tabichi alikuwa akienda kwenye saiba, akipakua masomo aliyoyahitaji, kisha akayatumia darasani pasi na mtandao. Hivyo ndivyo alivyoweza kutumia teknolojia katika vipindi vyake vingi. Wanafunzi wa shule hiyo walibuni kifaa cha kuwawezesha watu wasioona na wasiosikia kupima vitu, na mwaka uo huo wakafuzu kushiriki katika maonyesho ya kimataifa ya sayansi huko Arizona, Marekani.

Zingatia jambo hilo vizuri. Mtandao ulikuwa mjini, wanafunzi walikuwa kijijini, naye mwalimu akaubeba mtandao hadi kijijini. Hakungoja kila mtoto apate kompyuta. Alichagua kinachofaa, akakiacha kisichofaa, akakileta kwa wakati wake katika somo lake. Kazi hiyo ya kuchagua haiwezi kufanywa na kompyuta, na haiwezi kufanywa na ofisi iliyo Nairobi.

Wala hekima hii si mpya nchini. Wasomaji wa makamo wataikumbuka redio ya shule. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 palikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya kwanza ya shule za msingi. Kila siku redio ilifunguliwa kwa nusu saa. Mtangazaji aliuliza swali, akanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa pamoja, naye akaendelea. Mwalimu hakutoka nje kuota jua. Alikuwa mle ndani, akiwaongoza watoto, akiandika ubaoni, akimtazama yule aliyefungua mdomo bila kutoa sauti. Redio ile haikuwa na mtandao wala kioo cha kuguswa, lakini waliobuni masomo yake walijua kwamba mwalimu angekuwa chumbani, na wakampa kazi.

Sasa tuulinganishe mradi huo na ule wa vishikwambi. Katika kampeni za 2013 waliokuwa wakiwania uongozi waliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mwaka wa 2016 ahadi hiyo ilianza kutekelezwa kwa njia ya vishikwambi, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1 vilisambazwa katika shule za msingi za umma. Sitaki kuwa mwizi wa fadhila. Mradi huo uliharakisha kuunganishwa kwa maelfu ya shule na umeme, na hilo ni jambo la kudumu. Walimu nao walipewa mafunzo ya siku chache. Hata hivyo, nimeingia katika shule zaidi ya moja ya msingi nikavikuta vifaa hivyo vimefungiwa kabatini, vumbi limetanda juu ya masanduku. Nilipouliza sababu, hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba anaogopa mashine. Mmoja aliniambia kwamba kikipotea hata kimoja, yeye ndiye atakayekilipia. Mwingine alisema vifaa ni vya darasa la kwanza lakini soketi ya umeme iko katika ofisi ya mwalimu mkuu. Wa tatu alisema masomo yaliyomo hayaendi sambamba na ratiba yake. Hayo yote ni maswali ambayo mwalimu yeyote angeyauliza mapema, lau angeulizwa.

Kuna na kisa cha maputo. Mnamo Julai 2020, kampuni ya Loon, tanzu ya Alphabet inayomiliki Google, kwa ushirikiano na Telkom Kenya, ilirusha maputo yaliyoelea juu angani kuleta mtandao katika sehemu za magharibi na za kati za nchi. Magazeti yalijaa picha. Wanafunzi wangu waliniuliza kama maputo hayo yangefika kwetu. Januari 2021, Alphabet ilitangaza kwamba inaifunga Loon kwa sababu biashara hiyo isingejikimu. Simlaumu mfanyabiashara kwa kupiga hesabu zake. Ninasema tu kwamba elimu ya taifa haiwezi kuning'inizwa kwenye puto la mtu mwingine.

Wakati uo huo kulikuwa na chombo kisichopigwa picha. Kampuni ya Eneza Education ilikuwa ikitoa huduma iitwayo Shupavu 291, ambapo mwanafunzi mwenye simu ya kawaida kabisa, ile tunayoiita mulika mwizi, angeweza kupata somo na maswali kwa ujumbe mfupi, na hata kumwuliza mwalimu swali akajibiwa. Haikuhitaji kioo kikubwa wala video. Waliobuni huduma hiyo walianza kwa kuuliza mtoto ana nini mkononi, na nyuma ya jumbe zile waliketi walimu wenye uhai.

Swali la mtoto ana nini mkononi ndilo kiini cha mambo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba miongoni mwa Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkononi, asilimia 22.6 walikuwa wakitumia intaneti, na asilimia 10.4 walikuwa wakitumia kompyuta. Simu zimeongezeka tangu hapo, sikatai. Lakini simu kuwa nyumbani si sawa na simu kuwa mkononi mwa mtoto anayetaka kusoma, kama nilivyofunzwa na yule mama. Isitoshe, shule zetu nyingi haziwaruhusu wanafunzi kubeba simu, na sababu zake ninazielewa. Maana yake ni kwamba wakati wa masomo, simu ya pekee iliyomo darasani ni ya mwalimu, na data iliyomo ndani yake ameinunua kwa mshahara wake.

Hapa ndipo penye kidonda. Nani hulipia mtandao wa mwalimu? Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) huwataka walimu kupakua mitihani ya tathmini za shuleni kutoka tovuti yake na kupakia alama za wanafunzi huko huko. Mpango huo una faida zake. Lakini nimemwona mwalimu mwenzangu wa shule ya msingi akipanda bodaboda kwenda sokoni, akapiga foleni kwenye saiba pamoja na watu wanaotafuta vyeti vya kuzaliwa, akalipia muda, karatasi na nauli, na asirudishiwe hata senti. Mwalimu anayetuma sauti za masomo usiku hulipia. Anayepakua video ya jaribio la kemia kwa sababu maabara haina kemikali hulipia. Tunahesabu bei ya chaki katika bajeti ya shule, tunahesabu bei ya kuni za jikoni, lakini bando la mwalimu tunalichukulia kana kwamba linatoka mbinguni kama mvua.

Wapo watakaosema kwamba walimu nao wana makosa, na kwamba wengine hujificha nyuma ya umaskini wa shule ili wasijifunze mambo mapya. Kweli hiyo siikatai. Wapo wanaodhani kutuma kurasa 14 ni kufundisha, kama nilivyodhani mimi. Wapo wanaotuma kazi usiku wa manane na kuitaka kesho yake alfajiri. Wapo wanaobandika alama za darasa zima kikundini, hata mtoto wa mwisho akaona haya mbele ya wazazi wa wenzake. Na wapo wanaosambaza picha za wanafunzi bila kumwuliza mtu. Hao wa mwisho nawakumbusha kwamba tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na kwamba Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za watoto pasi na idhini ya wazazi. Heshima tunayomdai mwanafunzi darasani, nasi tunadaiwa mtandaoni.

Sasa kimekuja chombo kinachotutia tumbojoto kuliko vyote. Majuzi, baada ya likizo, kijana mmoja wa Kidato cha Pili aliniletea insha kuhusu jinsi ukame ulivyokibadilisha kijiji chao. Haikuwa na kosa hata moja la tahajia, wala haikuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Ilizungumzia mito na misitu, ilhali sisi kwetu tuna korongo moja la mchanga na kisima cha kanisa. Nilimwita kando. Sikumwuliza kama ameandikiwa na mashine. Nilimwuliza tu kisima kiko upande gani wa korongo na ni nani hushika foleni ya kwanza asubuhi. Alicheka, akainama, akasema, "Mwalimu, niruhusu niiandike upya." Aliyoiandika upya ilikuwa na makosa 19, na nyanya yake alikuwamo akibeba mtungi. Niliisoma mbele ya darasa.

Wiki iliyofuata nilifanya jaribio. Niliiagiza mashine ile ile, kwa simu yangu, iandike insha yenye methali, nikainakili ubaoni, nikawaambia wanafunzi: hii ni kazi ya mgeni, isahihisheni. Walianza kwa woga, kwa kuwa walidhani mashine haikosei. Kisha mmoja akaona ngeli iliyopinda. Mwingine akauliza methali fulani iliyomo imetoka wapi. Tukaitafuta katika kamusi ya methali, tukawauliza na wazee. Hapakuwa na aliyewahi kuisikia. Mashine ilikuwa imeitunga na kuitia mdomoni mwa wahenga. Siku hiyo wanafunzi walijifunza sarufi, na zaidi ya sarufi walijifunza kwamba kilichoandikwa vizuri si lazima kiwe cha kweli. Nilitumia data ya shilingi chache. Lau mashine hiyo ingeletwa shuleni kwa lori, kila mtoto akapewa yake na mimi nikaambiwa nikae kando, somo hilo lisingekuwapo.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji puto.

La kwanza, data ya mwalimu itambuliwe kuwa kifaa cha kazi. Fedha za karo ambazo serikali huzipelekea shule kwa kila mwanafunzi ziwe na fungu dogo, lililotajwa waziwazi, la mtandao wa kufundishia. Mkaguzi akija, aulize fungu hilo limetumikaje kama anavyouliza kuhusu vitabu.

La pili, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ina masomo mengi katika maktaba yake ya mtandaoni, na mwaka wa 2020 tuliona ilivyoyatangaza kwa redio na televisheni. Masomo hayo yawekwe katika umbo jepesi ambalo mwalimu anaweza kulipakua mara moja mjini na kulitumia kijijini muhula mzima, kama alivyofanya Tabichi. Aidha, kampuni za simu zikubaliane na serikali kwamba anayeingia katika maktaba hiyo hatozwi data, na mpango huo uwe wa kudumu, usingoje tauni nyingine.

La tatu, mafunzo ya walimu yaache kuwa semina ya siku mbili hotelini ambapo mtu aliyeiacha chaki zamani anatuonyesha kitufe cha kuwashia. Mwalimu afunzwe na mwalimu mwenzake, wa somo lake, wa eneo lake, na apewe muda wa kujaribu, kukosea na kurudi kuuliza. Maarifa ya kutuma somo saa tatu na nusu usiku sikuyapata katika semina yoyote.

La nne linatuhusu sisi wenyewe. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, kila mwalimu ajiulize: ni nani ambaye hiki hakitamfikia, na nimempangia nini? Nanyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili, mkiwa na simu nyumbani, jueni kwamba jirani yako asiye nayo ni mwanadarasa mwenzako. Daftari moja linalopita nyumba tatu limefanya zaidi ya vifaa vingi vilivyolala kabatini.

Niliahidi kurudi kwa wale wanane. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 4, 2021, nilisimama mlangoni na orodha yangu. Walirudi 42. Wanne hawakurudi, na wote wanne walikuwa miongoni mwa wale wanane ambao sauti yangu wala daftari la jirani halikuwafikia. Sitasema kwamba ujumbe wa simu ungewazuia. Kijana mmoja alikuwa amekwenda kuchimba mchanga, msichana mmoja alikuwa ameolewa, wawili familia zao zilikuwa zimehama. Umaskini una mikono mirefu kuliko ya mwalimu. Lakini kwa miezi tisa hakuna mtu wa shuleni aliyewauliza lolote, na mtoto asiyeulizwa huanza kuamini kwamba si mwanafunzi tena. Binti wa yule mama wa dukani alirudi. Mapema mwaka wa 2022 aliufanya mtihani wake wa KCSE na kupita, na hivi leo yuko katika chuo cha ualimu.

Nikimwazia siku atakayosimama darasani kwa mara ya kwanza, sitarajii kwamba atakuta kompyuta kwa kila mtoto. Ninachoomba ni kwamba asilazimike kuchagua kati ya bando la kufundishia na unga wa chakula cha jioni. Kwa hivyo, serikali itakaposimama tena kutangaza mashine mpya kwa shule zetu, na naamini itasimama, mwalimu, mzazi na mbunge wasipige makofi kwanza. Waulize: ni kiasi gani kimetengewa mwalimu atakayeitumia? Jibu likiwa hakuna kitu, basi na tuanze kutafuta kabati la kuzifungia.